Avelina Urbano Sikazwe, Aliyewapashia Moto Maji Watoto wa Nguruwe

Baba Paroko, wazee wetu, shikamooni. Majirani wa Malangali, ndugu wa Milanzi, na ninyi mliopanda mlima kutoka bondeni kuja kumzika mtoto wenu, poleni na safari na poleni na msiba. Anayesoma ni Kalista, kitindamimba wa mzee Urbano, mdogo wake marehemu. Ukoo ulinipa kazi ya kuandika maisha ya dada yangu. Nilipomaliza, kaka yetu Adolfu aliyasoma, akavua miwani, akasema, "Kalista, huu ni wasifu, si mashtaka." Nilimjibu kwamba wasifu ni maisha ya mtu, na sikuwa na maisha mengine ya kumwandikia dada. Akanirudishia karatasi. Kwa hiyo nitakayoyasoma ndiyo hayo hayo yaliyochapwa kwenye ratiba mliyoshika, ila machache nimeyaongeza kwa kalamu asubuhi hii. Anayeyaona marefu avumilie kidogo, marehemu alivumilia zaidi.

Marehemu Avelina Urbano Sikazwe alizaliwa tarehe 14 Machi 1963 katika kijiji cha Kaoze, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Urbano Sikazwe na mama Emerensiana, ambao wote wametangulia mbele ya haki. Alibatizwa mwaka huo huo wakati wa Pasaka. Mnaoijua Kaoze mnajua joto lake. Kule bondeni mtoto mchanga hafunikwi, anapepewa. Mama yetu alikuwa akisema kwamba Avelina akikosa mtu wa kumlea atalea jiwe, kwa maana tangu mdogo hakukosa kifaranga mgonjwa kifuani au mwanambuzi aliyekataliwa na mama yake. Wengine walikufa, akawalilia na kuwazika. Wengi walipona, na hao tuliwala sikukuu, naye akala pamoja nasi bila kununa, kwa sababu hakuwa mtu wa kujifanya.

Alianza darasa la kwanza hapo hapo Kaoze mwaka 1971 na kuhitimu la saba mwaka 1977. Hakuchaguliwa kuendelea na sekondari, kama wengi wa rika lake. Mwezi wa sita mwaka 1978 baba alimpandisha juu ya lori la mpunga hadi Sumbawanga, akae kwa shangazi hapa Malangali na ajifunze ushonaji kwa masista. Alishuka kwenye lori lile na gauni la mikono mifupi, wakati upepo wa huku juu Ufipa unamtafuta mtu mpaka kwenye mifupa. Siku ya kwanza darasani alipangiwa cherehani moja na msichana wa Milanzi aitwaye Fransiska. Fransiska alipoona mwenzake anashindwa hata kutunga uzi kwa kutetemeka, alivua sweta lake akamvalisha, akashinda na blauzi mpaka jioni. Sitaki mtu aseme nimemnyima Fransiska wema wake. Alitetemeka yeye ili dada yangu apate joto, na urafiki wao ulianzia hapo.

Tangu siku ile Fransiska akawa mwalimu wake wa baridi. Alimfundisha asioshe nywele kabla ya saa sita mchana, akinge maji ya kuoga jua likiwa bado lipo, alale na soksi. Mengine yalikuwa kweli na mengine utani. Aliwahi kumwambia kwamba kuna miaka baridi ya Sumbawanga inagandisha mafuta ya taa ndani ya kibatari, na dada yangu, mtoto wa joto, aliliamini hilo mpaka alipokuwa na watoto. Walilicheka pamoja hata uzeeni. Lakini ukweli ni kwamba katika mambo yote ya baridi Avelina hakuwa na neno lake, alikuwa na la Fransiska.

Tarehe 6 Oktoba 1984 marehemu alifunga ndoa takatifu na Christopha Ngeleja, fundi seremala, na msimamizi wake wa ndoa alikuwa Fransiska. Mungu aliwajalia watoto wawili, Nestory mwaka 1986 na Sharon mwaka 1991. Nestory alisimamiwa ubatizo na Fransiska, na mpaka juzi alikuwa akimwita mama. Nyumba ile ilikuwa na ugomvi wake kama nyumba zote, hasa kwa sababu Christopha alipenda kimya na mke wake alipenda kuongea na nguruwe. Shemeji alikuwa akilalamika kwamba jike akizaa, yeye anapewa ugali saa nne usiku, na tena umepoa. Christopha alifariki tarehe 2 Februari 2009 kwa homa ya mapafu. Siku zote za matanga Fransiska alilala kwenye mkeka mmoja na dada yangu, na alikuwa wa mwisho kuondoka.

Kwa kazi, marehemu alikuwa mkulima wa mahindi na ulezi, mshonaji wa sare za shule, na zaidi ya yote mfugaji. Nguruwe alianza nao mwaka 1997, kwa jike mmoja mweusi aliyepewa zawadi na shangazi. Jike yule alizaa katikati ya kipupwe. Avelina alipoona watoto wanatetemeka, alichukua masweta ya shule ya wanawe, akakata mikono, na wale wadogo zaidi akawavalisha kila mmoja mkono wake. Nestory alipofika shuleni na sweta lisilo na mikono, mwalimu alimwuliza mikono iko wapi. Mtoto akajibu kwa adabu kwamba imevaliwa na nguruwe, akachapwa kwa kumdhihaki mwalimu. Ikabidi mama mtu aende shuleni na kikapu, na ndani ya kikapu mtoto wa nguruwe amevaa ushahidi. Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini, na baadaye akawa mteja wake.

Mwaka 2014 yeye na Fransiska walianzisha kikundi cha wanawake wafugaji wa jumuiya yetu. Utaratibu wao wengi mliopo hapa mnaujua kwa sababu umewafikia. Anayeanza hupewa jike mchanga bure. Jike yule akizaa, aliye naye hurudisha majike wawili walioachishwa ziwa, nao wanakwenda kwa wengine wawili wanaosubiri zamu. Hakuna anayetoa fedha. Kinachotakiwa ni kwamba unachompa mwenzako kiwe kizima, maana ukimpa mgonjwa umempa kilio. Avelina alikuwa mwenyekiti, na kila mtoto wa nguruwe aliyekuwa anakwenda kwa mwanachama alipita kwanza mikononi mwake. Alimtazama macho, akamgeuza tumbo, akaweka sikio kifuani akisikiliza pumzi. Alipomwachia, alimwombea, na sisi tulimtania kwamba nguruwe wake wanapata baraka kuliko wanakwaya.

Bwana mifugo wetu, Masanja, aliwafundisha jambo ambalo dada yangu alilirudia mpaka sisi wa nyumbani tukalijua kama sala. Mtoto wa nguruwe anazaliwa bila kinga, anaipata kwenye maziwa ya kwanza ya mama yake. Kinga ile inapungua kadiri wiki zinavyokwenda, na ya kwake mwenyewe inachelewa kukomaa. Hapo katikati kuna pengo. Na ndipo sisi tunapomtoa kwa mama yake, tunambadilishia chakula, tunamchanganya na wageni, na kama ni mwezi wa sita tunamlaza kwenye baridi. Masanja alisema wazi kwamba vitamini haziponyi kuhara wala hazizuii kila ugonjwa. Kazi yake ni kumsaidia mtoto avuke pengo lile akiwa na nguvu, kama akianza kupewa siku chache kabla ya kuachishwa ziwa na kuendelea siku chache baada ya hapo, kwenye maji masafi, na banda likiwa kavu lenye majani ya kulalia. Zamani wanakikundi walisubiri miezi miwili ndipo waachishe. Walipoona vitamini zinawapa watoto afya, walikubaliana kuachisha mapema zaidi, ili majike wapandwe tena na walio kwenye zamu wasingoje sana. Nia ilikuwa njema. Lakini kuanzia hapo kila kitu kiliegemea kopo moja.

Kopo lenyewe lilikuwa kubwa, la unga wa njano wa vitamini, likinunuliwa mjini kwa niaba ya wote. Unga ule hautaki jua wala unyevu, kwa hiyo walimpa Fransiska autunze, maana ana kabati lenye kufuli na chumba kisichopigwa na jua. Jumapili baada ya misa, mwenye watoto wa kuachisha alipita kwake na kikopo, akapimiwa kwa kizibo cha soda, akaenda zake. Hakuna aliyekagua, na dada yangu ndiye angekuwa wa mwisho kukagua. Mtu aliyekusimamia ndoa na kukusimamia msiba humwombi afungue kabati lake.

Kipupwe cha mwaka 2022 marehemu aliona kwamba unga hauyeyuki. Akikoroga, maji yanageuka njano. Akirudi baada ya muda, tope limekaa chini ya hori. Alikwenda kumwuliza Fransiska, na mimi nilikuwa naye siku hiyo. Fransiska alikuwa anapepeta ulezi, hakuinua hata kichwa. Alisema, "Mama Nestory, ni baridi tu hiyo. Maji ya huku yanakamata unga. We yapashe moto." Mtu mwingine angeuliza mbona mwaka wa jana, na baridi ile ile, unga uliyeyuka. Avelina hakuuliza, kwa sababu lilikuwa jambo la baridi na aliyesema alikuwa Fransiska.

Basi kila asubuhi alibandika sufuria na kuwapashia moto maji watoto wa nguruwe kabla hajajibandikia uji wake mwenyewe. Akawaelekeza na wanakikundi wengine wafanye vivyo hivyo, tena kwa msisitizo, kama mwenyekiti. Kwenye maji ya moto tope likawa zito kama uji, na yeye akafurahi akidhani sasa linachanganyika. Ikifika mchana maji yale yalikuwa yamechacha. Watoto wakasimama manyoya. Wakakohoa, wakaharisha, wakaanza kufa. Walikufa kwake, wakafa kwa wenzake, na majike wawili aliowapeleka kwa mjane mmoja wa Milanzi, ambaye simtaji kwa heshima yake, walikufa wote kabla hawajazoea banda. Mjane yule alikuwa amesubiri zamu yake tangu kikundi kinaanza. Kwa Fransiska hakufa hata mmoja. Wa kwake walikuwa na ngozi inayong'aa, na mwezi wa nane aliwapeleka kwenye maonyesho ya Nanenane, wakasifiwa.

Mwezi wa tisa kikundi kilikaa baada ya misa. Maneno yalikuwa yameshatembea mitaani, kwamba mkono wa Avelina una mkosi, kwamba tangu afiwe na mume hakuna kinachokua mkononi mwake, na mengine ambayo sitayasema mbele ya Padre. Dada yangu alitumaini kwamba kuna mtu mmoja atakayesimama, na kweli, mtu huyo alisimama. Fransiska alisema, "Mimi na mama Nestory tunatumia kopo moja. Wangu wako hai. Sasa kosa la kopo litoke wapi? Tutazame mikono." Akaketi, akafunga kitenge chake vizuri. Siku hiyo hiyo walimvua marehemu uenyekiti na kumpa Fransiska. Wanawake waliokuwa wakija kumgongea majike wao wakizaa vibaya wakaanza kupita upande wa pili wa barabara. Wengine waliacha kumpa hata nguo za kushona. Jina la dada yangu liliharibika siku ile, mbele ya watu wengi mliopo hapa, na mpaka asubuhi ya leo halijatengenezwa. Hilo ndilo lililonifanya nimkatalie kaka Adolfu.

Mwaka uliofuata, kipupwe kilipoanza, marehemu alikwenda peke yake mjini kwenye duka la dawa za mifugo la Kheri. Kheri ni Mwislamu, nguruwe hamli wala hamgusi, lakini dawa anamuuzia kila mwenye mfugo na hajawahi kumdharau mtu. Yupo nasi leo, amekaa kwenye turubai la pili na wenzake waliotoka mjini, na familia inamshukuru. Dada yangu alibeba kikopo chake chenye mabaki ya mwaka ule wa vifo, akaomba auziwe unga kama huo, ila uwe ule unaokubali baridi. Kheri hakuelewa. Alikinga maji ya bomba kwenye glasi, maji ya asubuhi yanayouma vidole, akatia unga kutoka kwenye kopo jipya, akakoroga. Uliyeyuka wote. Akakinga glasi ya pili, akatia unga wa dada, ukazama wote. Akaunusa, akamtazama, akasema, "Mama, huu ni unga wa sembe umetiwa bizari. Nani kakupa?" Marehemu alimjibu kwamba labda amebeba kikopo cha jikoni kwa makosa. Alimshukuru, akatoka, akaja moja kwa moja kwangu.

Alikaa kwenye kigoda changu, kilemba chake mkononi. Hakulia. Alinieleza yote kwa mpangilio, kisha akasema maneno ambayo bado nayasikia. "Unga haukuniumiza, Kalista. Angeniambia ana watoto wengi mwaka huu na kopo halimtoshi, ningempa na fungu langu. Lakini alijua hautayeyuka, akanituma nikapashe moto maji."

Niliposikia hivyo niliinuka kutafuta viatu, niende Milanzi. Mnanijua. Dada akanishika gauni. Alisema anataka Fransiska aseme mwenyewe, kwa kinywa chake, mbele ya wale wale aliowaambia watazame mikono. Ukweli ukitoka kwangu, alisema, watauita maneno ya ndugu. Ukitoka kwa Fransiska hautakuwa na pa kupingwa. Akaniapisha ninyamaze maisha yake yote. Nilinyamaza. Kiapo kile kilikuwa cha maisha yake, na maisha yake yamekwisha.

Kwa nini Fransiska alifanya vile sijui, na sitajifanya najua. Mwaka ule majike wake wanne walizaa kwa pamoja, na Nanenane ilikuwa mbele yake. Kwa miaka yote ile kikundi kilimtaja Avelina kwanza na yeye baadaye, na huenda hilo lilimchoma kuliko tulivyodhani. Labda alianza kwa kuwazidishia wa kwake kidogo, akaona kopo linapungua, akajazia sembe, kisha ikawa vigumu kurudi nyuma. Hayo anayaweza kuyaeleza yeye mwenyewe. Ninachojua ni kwamba alikuwa na nafasi nyingi. Marehemu hakuacha kwenda jumuiya, hakuacha kukaa naye benchi moja, na siku ya Jumatano ya Majivu walipakwa majivu wakifuatana. Aliniambia aliporudi kwamba alimpa Fransiska mkono na Fransiska akautoa haraka. Alilisema hilo huku akipukuchua mahindi ya kande, kisha akaniuliza kama nina chumvi.

Mwanzoni mwa mwaka 2024 marehemu alianza kuvimba miguu. Hospitalini iligundulika kwamba figo zimechoka. Alipelekwa Mbeya mara kadhaa, akapata nafuu, akarudi kwenye banda lake, akaanguka tena. Tangu mwezi wa pili mwaka huu hakuweza kutoka nje. Na hapa pia nitasema ukweli wote. Fransiska alikuja kumuuguza. Alimwogesha, alimkata kucha, alimpikia uji wa ulezi jinsi daktari alivyotaka, na alimgeuza kitandani kwa uangalifu kuliko mimi mwenye mikono mizito. Kumwona akimshika dada yangu vile kulinishinda, nikawa natoka nje kulisha nguruwe. Marehemu alinikataza nisimfukuze. Alikuwa anamsubiri. Mara kwa mara alimwuliza kwa upole, "Fransi, huna la kuniambia?" Na Fransiska alijibu huku akikamua kitambaa, "Upone kwanza, mama Nestory. Tutaongea." Mara ya mwisho alipouliza nilikuwa nimesimama mlangoni. Jibu lilikuwa hilo hilo, na dada akageuzia uso ukutani.

Marehemu alifariki Jumanne tarehe 10 Juni 2025, alfajiri, nyumbani kwake hapa Malangali, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili, baada ya kupokea mpako wa wagonjwa. Baba Paroko alipomwuliza kama amewasamehe waliomkosea, alisema amewasamehe, na mimi nilisikia. Siwezi kumzidi yeye kwa kukasirika, ingawa najitahidi. Lakini msamaha ulikuwa mali yake na alishautoa. Jina lake ni la watoto wake, na hilo hakuna aliyelitoa. Neno lake la mwisho kwangu lilikuwa kwamba miguu inaona baridi, niifunike. Niliifunika.

Marehemu ameacha watoto wawili, Nestory na Sharon, wajukuu watano, kaka mmoja, Adolfu, na mdogo mmoja, Kalista. Ameacha jike mmoja mwenye mimba, na aliagiza kwamba majike wawili wa kwanza wa uzao huo waende kwa yule mjane wa Milanzi, wakishatimiza miezi miwili kwa mama yao, bila haraka. Nestory atawapeleka mwenyewe. Ameacha pia rafiki, Fransiska. Watoto, baada ya mimi kuwaeleza juzi, walitaka jina hilo lisiandikwe hapa. Limeandikwa kwa sababu marehemu aliagiza liandikwe, tena alisema liandikwe chini ya neno rafiki.

Kabla jeneza halijashuka, kaka Adolfu atauliza, kama tunavyouliza kwenye kila kaburi la ukoo huu, kama kuna anayemdai marehemu au anayedaiwa naye, basi aseme sasa. Siku zote watu hudhani swali hilo ni la fedha. Tunatazama chini kidogo, mtu mmoja anakohoa, na mazishi yanaendelea. Leo nimemwomba kaka asiharakishe, na amekubali. Waliokuwepo kwenye kikao kile cha mwezi wa tisa wapo hapa, nimewaona tangu asubuhi. Kheri yupo. Yule mjane yupo. Fransiska, na wewe upo, umekaa mstari wa mbele pamoja na ndugu, na hakuna aliyekuondoa wala atakayekuondoa. Nimesema mimi, na wapo watakaokwenda nyumbani wakisema ni maneno ya ndugu, kama dada alivyotabiri. Kinachobaki siwezi kukusemea, kwa sababu alikitaka kutoka kinywani mwako. Vijana wenye machepe wameambiwa wasubiri.

Avelina Urbano Sikazwe, binti wa Urbano, mama wa Nestory na Sharon, apumzike kwa amani ya Bwana. Fransiska, tunakusikiliza.